Kwa nini mwenye homurani 8 aliingiza mikimbio 110, na mwenye 73 akaishia 137?

Mwaka 1985 Tommy Herr wa St. Louis Cardinals alimaliza msimu mzima wa besiboli ya Marekani akiwa ameuvusha mpira nje ya uzio mara 8 tu. Kuna wapigaji ambao wakishika moto huzipata hizo homurani 8 ndani ya wiki mbili. Lakini ukifungua jedwali la walioingiza mikimbio mingi katika National League, moja ya ligi mbili kuu za huko, mwaka ule, Herr ni wa tatu: mikimbio 110.

Ruka miaka 16. Mwaka 2001 Barry Bonds wa San Francisco Giants alipiga homurani 73, rekodi ambayo hadi leo haijaguswa. Mikimbio aliyoingiza? 137. Yaani amemzidi Herr homurani 65, kisha akamzidi mikimbio 27 tu. Na hiyo 137 haikumpa hata uongozi wa ligi. Aliyeongoza ni Sammy Sosa wa Chicago Cubs, mwenye homurani 64 na mikimbio 160. Tuuache kando mjadala wa dawa za kuongeza nguvu uliozizonga zama zile. Hata ukiufuta wote, hesabu inabaki kuwa ya ajabu.

Ili uielewe, inabidi kwanza ujue mkimbio unaandikwa kwa jina la nani.

Uwanja una besi nne, na ya nne ni nyumbani, palepale anaposimama mpigaji. Mrushaji wa timu pinzani anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, analiacha gongo chini na kukimbia. Akizizunguka besi zote na kurudi nyumbani, timu yake imepata mkimbio mmoja. Mara nyingi hafiki kwa mkupuo mmoja. Anaishia besi ya kwanza au ya pili na kusubiri wenzake wapige ndipo asogee. Zikitimia auti tatu, yaani wapigaji au wakimbiaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana zamu, na waliokuwa kwenye besi wanaondoka mikono mitupu.

Huku kwetu mchezo huu bado ni wa wachache, ingawa watoto wa Lugazi, Uganda, walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania mwaka 2012. Kriketi ndiyo inayojulikana zaidi, na wanaoifuata wameshazoea kusikia mikimbio ikihesabiwa. Tofauti ni kwamba kwenye kriketi anayepiga mpira na kukimbia ndiye mwenye mikimbio. Kwenye besiboli mkimbio mmoja huandikwa mara mbili, katika safu mbili. Safu ya kwanza, ile yenye herufi R kwenye majedwali, ni ya aliyekanyaga nyumbani kwa miguu yake. Safu ya pili, RBI, ni ya yule ambaye pigo lake lilimwezesha mwenzake kufika. Hapa nitaziita mikimbio ya miguu na mikimbio ya gongo, maana ndivyo zilivyo.

Sheria za kuandika safu ya pili zina vijimambo vyake. Besi zote zikiwa na watu, mrushaji akakosea shabaha mara nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, wote wanasukumana mbele, aliyekuwa ya tatu anaingia nyumbani, na mpigaji anaandikiwa mkimbio wa gongo bila kuugusa mpira. Akipiga mpira wa juu ukadakwa mbali, na wa besi ya tatu akawahi kurudi nyumbani, anaandikiwa pia, japokuwa mwenyewe ametoka. Lakini akipiga mpira wa kuburuzika chini ukazaa auti mbili kwa mpigo, hapati kitu hata kama mtu ameingia. Na mkimbio ukiletwa na kosa la mlinzi, kwa kawaida mpigaji haandikiwi.

Homurani ndiyo pekee inayomwandika mtu mmoja kwenye safu zote mbili: amejiingiza mwenyewe. Ukiipiga besi zikiwa tupu ni mkimbio mmoja, ukiipiga besi zimejaa ni minne. Pigo ni lilelile, nguvu zilezile. Tofauti ni nani alikuwa amekwishatangulia.

Turudi St. Louis. Cardinals wa 1985 hawakuwa timu ya mabavu. Timu nzima ilipiga homurani 87 msimu mzima. Walichokuwa nacho ni mbio. Uwanja wao ulikuwa mpana, wenye nyasi bandia ngumu ambazo mpira uliteleza juu yake hadi ukutani, na kocha Whitey Herzog akaupanga mchezo wake kwa uwanja huo. Mwaka ule waliiba besi mara 314. Kuiba besi ni kuchomoka kuelekea besi inayofuata wakati mrushaji anatupa mpira, bila kungoja mwenzako apige.

Mpangilio wa wapigaji haubadiliki ndani ya mechi: wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa, kisha unaanza upya. Wa kwanza pale St. Louis alikuwa Vince Coleman, mgeni katika ligi, aliyeiba besi 110 peke yake. Wa pili alikuwa Willie McGee, aliyeongoza ligi kwa wastani wa kupiga, yaani mapigo yaliyomfikisha kwenye besi yakigawanywa kwa nafasi zake za kupiga, 0.353, na kuiba 56. Wa tatu, Herr.

Fikiria ilivyokuwa kwa mrushaji. Coleman yuko besi ya kwanza, kasimama hatua kadhaa nje yake, anamkodolea macho. Mrushaji anatupa mpira besi ya kwanza kumrudisha. Anatupa tena. Akili imegawanyika. Hatimaye anamrushia McGee, na Coleman kashaondoka. Sasa yuko besi ya pili. McGee anaugusa mpira kwa ndani, anawahi besi ya kwanza kwa spidi yake, Coleman anafika ya tatu. Herr anapoingia na gongo lake, hahitaji homurani. Pigo la kawaida la kupenya katikati ya walinzi linatosha. Hata mpira wa juu utakaodakwa mbali unatosha. Mkimbio wa gongo, mmoja, umeandikwa kwa jina lake.

Coleman alimaliza na mikimbio 107 ya miguu, McGee 114. Hao ndio waliotangulia mbele ya Herr mwaka mzima. Haimaanishi kwamba Herr alikuwa wa kubebwa. Wastani wake ulikuwa 0.302 na alijua kuvumilia mipira mibaya hadi apewe besi, mara 80. Ila mwondolee wale wawili umwekee wazito wa miguu, sidhani kama ile 110 ingefika hata 80.

Mwenye kusikitikiwa hapo ni Jack Clark, mpigaji wa nne, aliyeletwa hasa kwa ajili ya nguvu. Alipiga homurani 22 katika mechi 126 na kuingiza mikimbio 87. Mara nyingi akiingia uwanjani anakuta Herr kashawasafisha waliokuwa kwenye besi.

Hadithi ya Coleman mwaka ule iliisha vibaya. Oktoba, kabla ya mechi mojawapo ya mtoano, mtambo wa kufunikia uwanja wakati wa mvua ulijiviringisha polepole ukampanda mguuni. Mtu aliyewashinda walinzi wa ligi nzima kwa mbio akanaswa na turubai linalotambaa! Hakucheza fainali dhidi ya Kansas City. Katika mechi zote saba za fainali Cardinals walipata mikimbio 13 tu, na wakalikosa kombe. Warushaji wa Kansas City walikuwa wazuri kweli, hilo lazima lisemwe, lakini si jambo dogo kwamba mtu wa kwanza kwenye mpangilio hakuwepo.

Kwa Bonds mambo yalikuwa kinyume. Tatizo la kwanza ni kwamba nyingi kati ya homurani zake 73 alizipiga besi zikiwa tupu. La pili ni kwamba wapinzani walikuwa na akili. Mpigaji wa namna ile akija huku besi ya kwanza iko wazi na kuna mtu ya pili au ya tatu, unamrushia wa nini? Unampa besi ya kwanza bure, unapambana na anayefuata. Mwaka 2001 alipewa besi bure mara 177. Kila mara anayopewa hivyo, nafasi ya kumwingiza mwenzake imemponyoka mkononi, na nafasi zenyewe zilikuwa ni zile hasa zenye watu kwenye besi. Sosa, naye hakuwa mtu wa kuchezewa, alipewa bure 116 na akapata nafasi halisi za kupiga, zisizohesabu besi za bure, 577 dhidi ya 476 za Bonds. Nafasi 101 zaidi ndani ya msimu mmoja si jambo la kupuuza.

Ulegevu huu wa safu ya RBI unaonekana hata kwenye rekodi yake kuu. Anayeishikilia ni Hack Wilson wa Chicago Cubs, mtu mfupi wa sentimita 168, mwenye mwili wa pipa. Mwaka 1930 aliingiza mikimbio 191. Lou Gehrig alimkaribia mwaka uliofuata, Hank Greenberg akamkaribia mwaka 1937, na tangu Vita Kuu ya Pili hakuna aliyefika hata 170. Manny Ramírez, aliyepata 165 mwaka 1999, ndiye aliyesogea zaidi katika zama za karibuni.

Mwaka 1930 wenyewe ulikuwa wa vituko. National League nzima, ukijumlisha kila aliyeshika gongo, wakiwemo warushaji wasiojua kupiga, ilikuwa na wastani wa 0.303. Siku hizi mtu akifika hapo anaitwa nyota. Philadelphia Phillies walipiga 0.315 kama timu na bado wakaburuza mkia kwa kushindwa mechi 102, kwa sababu warushaji wao waliruhusu mikimbio 1,199. Mbele ya Wilson walikuwepo Woody English na Kiki Cuyler. Kati ya kila mara kumi walizokwenda kupiga, kila mmoja alifika kwenye besi zaidi ya mara nne. English alikimbia nyumbani mara 152, Cuyler mara 155. Wilson alikuwa anakuta meza imeandaliwa. Kula alijua, lakini waliopika tuwataje pia.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika 190, si 191. Watafiti wa takwimu walipochambua karatasi za zamani waligundua kwamba katika mechi ya pili ya Julai 28, 1930, mkimbio mmoja wa Wilson ulikuwa umeandikwa kwa jina la mwenzake Charlie Grimm. Ligi ilikubali kurekebisha Juni 1999. Wilson alikuwa ameshafariki tangu 1948.

Kwa hiyo watu wakatafuta kipimo cha haki zaidi, na cha kwanza kupendwa kilikuwa chepesi kwelikweli: jumlisha mikimbio ya miguu na ya gongo, kisha toa homurani. Kwa nini utoe? Kwa sababu mkimbio wa mpigaji wa homurani umeandikwa safu zote mbili, na usipotoa utakuwa umeuhesabu mara mbili. Kinachobaki ni idadi ya mikimbio ambayo mtu huyo ameishiriki, ama kwa miguu ama kwa gongo.

Kwa kipimo hiki Wilson wa 1930 anapata 281. Lakini angalia: Chuck Klein, wa Phillies walewale waliokuwa mkiani, anapata 288 mwaka huohuo, kwa mikimbio 158 ya miguu, 170 ya gongo na homurani 40. Nani anamkumbuka Klein? Uwanja wao ulimsaidia, ukuta wa kulia ulikuwa karibu mno kwa mtu wa mkono wa kushoto kama yeye. Hata hivyo 288 ni 288.

Gehrig wa New York Yankees ndiye anayewapita wote hawa, kwa msimu wa 1931. Mikimbio 163 ya miguu, 185 ya gongo (vitabu vya zamani vinaandika 184), homurani 46. Jumla 302. Yankees wa mwaka ule waliingiza mikimbio 1,067 kama timu, na mbele ya Gehrig alikuwa akipiga Babe Ruth, ambaye karibu nusu ya mara alizoingia alifika kwenye besi.

Na 302 ilitakiwa iwe zaidi. Aprili 26 mwaka ule, kule Washington, Gehrig aliupiga mpira ukaangukia majukwaani, homurani halali kabisa. Mpira ukagonga viti, ukadunda, ukarudi hadi mikononi mwa mlinzi wa katikati. Lyn Lary alikuwa kwenye besi ya kwanza na auti mbili zilishatimia. Akageuka, akaona mlinzi kaushika mpira, akadhani umedakwa na zamu imeisha. Akakimbia hadi besi ya tatu, kisha badala ya kwenda nyumbani akakata kona kuelekea benchi la timu yake. Gehrig alikuwa anazunguka taratibu kichwa chini, kama wafanyavyo waliokwishapiga homurani, hana habari. Akampita mwenzake. Sheria inasema anayempita mkimbiaji aliye mbele yake ametoka. Homurani ikafutwa, ikaandikwa pigo la besi tatu, mikimbio miwili ikayeyuka. Mwisho wa msimu Gehrig na Ruth waligawana taji la homurani, 46 kwa 46.

Turudi kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo kipimo hiki kinapojiumbua. Herr wa 1985 alikuwa na mikimbio 97 ya miguu. Jumlisha 110, toa 8: unapata 199. Bonds wa 2001 alikuwa na 129 ya miguu. Jumlisha 137, toa 73: unapata 193.

Herr kamshinda Bonds.

Hakuna aliyewahi kuwatazama wawili hao akaamini hivyo. Kosa si la ujumlishaji. Kosa ni kwamba ule mkimbio unaoufuta ili usiuhesabu mara mbili ndio pekee ambao mpigaji ameuzalisha bila msaada wa yeyote. Mkimbio wa Coleman aliyeingizwa na Herr umepita mikono miwili au mitatu, lakini unampa Herr pointi moja nzima na Coleman pointi moja nzima. Homurani ya Bonds peke yake imempa pointi moja tu. Kipimo kinawapa wanaogawana zaidi ya anayefanya kila kitu mwenyewe.

Wachambuzi wa leo wamebadilisha swali. Hawaulizi nani aliingia, wanauliza pigo limebadilisha nini. Wamekusanya maelfu ya mechi na kuona, kwa mfano, kwamba timu yenye besi tupu na auti sifuri huvuna wastani wa kama nusu mkimbio hadi zamu iishe. Yenye besi zote zimejaa na auti sifuri huvuna zaidi ya miwili. Kila tukio, iwe besi ya bure au pigo la besi mbili, lina thamani yake ya wastani kulingana na linavyosogeza matarajio hayo. Ukijumlisha thamani za matukio ya mchezaji, bila kujali nani alikuwa besi gani, unapata mchango wake mwenyewe. Kwa hesabu hiyo Bonds wa 2001 anakaa miongoni mwa misimu mikubwa kuliko yote, na zile besi 177 za bure zilizomnyima RBI zinarudi kuwa mali yake.

Mfano wa karibuni ni Aaron Judge wa Yankees. Mwaka 2024 aliongoza kwa mikimbio 144 ya gongo. Mbele yake alikuwa Juan Soto, mtu mgumu kumtoa kuliko karibu wote, aliyekimbia nyumbani mara 128. Baada ya msimu Soto akahamia New York Mets. Mwaka 2025 Judge alipiga kwa wastani wa juu zaidi, 0.331, akafika kwenye besi kwa kiwango kilekile cha mwaka uliotangulia, akapiga homurani 53. Mikimbio yake ya gongo ikashuka hadi 114. Wapinzani nao walimpa besi ya kwanza kwa makusudi mara 36. Mwenye kuangalia safu ya RBI peke yake angesema jamaa kaanza kuchoka.

Ndiyo maana siku hizi utaona jambo ambalo makocha wa zamani wangelishangaa: mpigaji mwenye nguvu kuliko wote anawekwa nafasi ya kwanza, mahali alipokuwa akiwekwa mwepesi kama Coleman. Hesabu yake ni rahisi. Mechi 162, nafasi tisa. Kila hatua unayomshusha mtu kwenye mpangilio unampunguzia kama nafasi 18 za kupiga kwa msimu. Ukimweka wa nne badala ya wa kwanza umempokonya zaidi ya 50. Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers hupangwa hivyo mara nyingi. Mechi inapoanza besi huwa tupu kwa lazima, na baada ya hapo wanaomtangulia ni wapigaji wa mwisho kwenye mpangilio, ambao kwa kawaida ndio dhaifu. Mwaka 2025 alipiga homurani 55 na kuingiza mikimbio 102 tu. Ya miguu ilikuwa 146, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wa kumrudisha nyumbani.